Komiki za mashujaa kila Jumatano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasomaji wa Mtwara na Lindi

Kila wiki kampuni za komiki za Marekani, Marvel, DC, Image na wenzao, zinatoa matoleo mapya, na kila wiki maswali yaleyale yanarudi, kuanzia Shangani na Mikindani hadi Masasi, Nachingwea na Kilwa: yanatoka lini, yanapatikana wapi, na kwa nini toleo ambalo kila mtu analisifu limepewa maneno makali kwenye maoni yetu. Majibu ni haya. Yapo mafupi, kwa sababu swali lenyewe ni fupi.

Matoleo mapya hutoka siku gani, na kwa saa za kwetu ni saa ngapi?

Jumatano. DC ilihamia Jumanne mwaka 2020, ikarudi Jumatano Julai 2024, kwa hiyo andiko la miaka hiyo ya kati likisema Jumanne halijakosea. Mtwara iko mbele ya New York kwa saa 8 kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi Machi, na kwa saa 7 miezi iliyobaki, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao. Duka la kule likifunguliwa saa 4 asubuhi, huku ni saa 12 jioni, au saa 11 jioni. Nakala za kidijitali kwa kawaida hutangulia milango ya maduka.

Usidanganywe na mwezi ulioandikwa kwenye jarida. Absolute Batman namba 1 ilitoka Oktoba 2024, lakini imeandikwa Desemba 2024. Ni desturi ya zamani ya wauza magazeti: mwezi ule ulimwambia muuzaji lini aliondoe jarida kwenye rafu.

Huku hakuna duka la komiki. Nizipate wapi kihalali?

Njia ya kawaida kwa toleo la wiki hiyohiyo ni Kindle, programu ya Amazon ya kununua na kusoma vitabu. Comixology, iliyokuwa duka kuu la komiki za kidijitali, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2014, na programu yake ikaunganishwa na Kindle Desemba 2023. Ukisoma ushauri wa zamani unaokuambia upakue Comixology, ndiyo sababu huioni. Bei ya toleo moja la kampuni kubwa huwa dola 3.99 au 4.99.

Anayeweza kusubiri ana njia ya nafuu: Marvel Unlimited. Unalipia usajili, unasoma maelfu ya matoleo, ila toleo jipya linaingia baada ya takriban miezi 3. DC nao wana huduma yao, DC Universe Infinite, lakini haijafunguliwa kwa kila nchi. Hakikisha inakubali usajili wa Tanzania kabla hujaanza kuhangaika na kadi.

Asiye na hela kabisa aanze na komiki za miaka ya 1940 ambazo haki zake zimeisha. Tovuti za Digital Comic Museum na Comic Book Plus zinazo kwa wingi, bure na kihalali. Superman hayumo: hadithi yake ya kwanza ya mwaka 1938 inaingia mikononi mwa umma huko Marekani mwaka 2034.

Vipi zile nakala za bure zinazorushwa kwenye makundi?

Tuache sheria kwanza, tuseme ufundi. Nyingi zimebanwa ili ziwe nyepesi. Weusi unakuwa kijivu, rangi za usiku zinashikana, na maandishi madogo hayasomeki. Kurasa mbili zilizochorwa kama picha moja hukatwa katikati, au mmoja wao hupotea. Mtu akikuambia “mtia rangi kaharibu” kwa kusoma nakala ya namna hiyo, hizo ni chai.

Nikilipia kwa simu, kadi inakataliwa. Tatizo nini?

Kadi ya mtandaoni ya Visa inayotengenezwa ndani ya M-Pesa hukubalika kwenye maduka mengi ya nje. Ikigoma, anza na salio. Komiki ya dola 3.99 inahitaji zaidi ya hesabu yako ya kichwani: kuna bei ya kubadilishia fedha, kuna makato, na duka likipokea kadi mpya linaweza kuijaribu kwa kushikilia dola 1 kwa muda. Weka ziada.

Salio likiwa sawa, angalia anwani. Wapo wanaojaza jimbo la Marekani wakidhani watapata bei ya kule. Kadi ni ya Tanzania, mfumo unaona havilingani, unakataa. Kisha angalia nchi iliyosajiliwa kwenye akaunti yako ya Google au Apple. Mwisho, tarehe ya kadi kuisha muda: usajili wa kila mwezi hukatika kimyakimya, nawe unagundua siku unayotaka kusoma. Ukikataliwa mara mbili, tulia kwanza. Ukiendelea kubonyeza, ulinzi wa duka unaweza kuifunga akaunti.

Bando langu dogo na simu ni ndogo. Nisomeje bila kuharibu hadithi?

Kila ukurasa wa komiki ni picha, kwa hiyo toleo la kurasa 20 na kitu linakula makumi ya MB. Pakua lote kabla ya kuanza. Ukisoma huku linapakuliwa, ukurasa unatokea na ukungu kwanza, na utamlaumu mchoraji kwa kosa la mnara.

Programu nyingi zina namna ya kusoma fremu (kisanduku cha picha) moja moja. Inasaidia macho, lakini inaua ukurasa. Mchoraji amepanga fremu ndefu juu na tatu nyembamba chini ili uhisi mwendo, wewe unaziona zote zikiwa na upana wa kioo cha simu. Tazama ukurasa mzima kwanza kwa sekunde chache, halafu lalisha simu ili upana wa ukurasa ujaze kioo, ushuke taratibu mara mbili au tatu. Kurasa mbili za picha moja zitazame simu ikiwa imelala. Ikiwa imesimama utaona nusu ya shujaa na nusu ya ghorofa.

Nianzie toleo namba ngapi? Namba zao zinanichanganya.

Zimekusudiwa kuuza, si kukuongoza. Mwaka 2011 DC ilirudisha majarida yake 52 kwenye namba 1 kwa mpigo. Mwaka 2016 Action Comics ikarudi kwenye hesabu ya tangu 1938 na kuendelea na namba 957, na Detective Comics na namba 934. Batman yenyewe ikaanza namba 1 upya Septemba 2025. Kwa hiyo “Batman namba 1” peke yake haitoshi kumtajia mtu. Taja na mwaka, au mwandishi.

Usitafute mwanzo wa mhusika. Tafuta mwanzo wa mwandishi. Mwandishi mpya akiingia, toleo lake la kwanza huandikwa kwa kujua kwamba wageni wanakuja. Likikushinda hilo, soma la 2 na la 3 kabla ya kuacha, maana siku hizi hadithi moja husambazwa kwenye matoleo 5 au 6 ili baadaye yafungwe kuwa kitabu, na toleo la kwanza huweza kuwa utangulizi mtupu.

Mnapimaje toleo la wiki?

Kwa kurasa zake. Si kwa tetesi za filamu ijayo, wala kwa mapenzi ya mhusika. Anayesema “toleo hili bovu” aweze kutaja ukurasa. Asipoweza, hajasoma, amesikia.

Soma mara tatu. Mara ya kwanza mfululizo, bila kujibu meseji. Dakika 15 zinatosha. Mara ya pili tazama picha tu, uruke maneno yote. Hadithi inapaswa kueleweka kwa zaidi ya nusu. Aliyekua na Kingo ya James Gayo hahitaji kufundishwa hili: katuni ile ilichekesha bila mtu kufungua mdomo. Mara ya tatu soma maneno peke yake, na hapo ndipo utakapomkamata mwandishi anayetumia kiputo (duara la maneno ya mhusika) kukuambia kitu ambacho picha imeshakuonyesha.

Kisha geuza kurasa ukihesabu. Kwenye jarida la karatasi ukurasa wa kwanza uko kulia, wa 2 na wa 3 vinatazamana, na kuendelea hivyo. Jambo la kushtua linatakiwa likae kwenye ukurasa wa namba shufwa, yaani ule utakaouona baada ya kugeuza. Likiwekwa kulia, jicho limeshaliona kabla hujamaliza kushoto, na mshtuko umeyeyuka. Ukikuta kosa hilo, mara nyingi chanzo ni tangazo lililochomekwa katikati likasukuma hesabu, si uzembe wa mchoraji. Kwenye simu hulioni, ndiyo maana wasomaji wa karatasi na wa simu hubishana juu ya toleo moja kana kwamba wamesoma mawili.

Kipimo cha urefu ni hiki. Mwaka 1962, kwenye Amazing Fantasy namba 15, Stan Lee na Steve Ditko walimaliza chanzo chote cha Spider-Man kwa kurasa 11: kijana anang'atwa na buibui, anapata nguvu, anazitumia kwa pesa, anamwachia mwizi apite, mjomba anauawa, anagundua muuaji ni mwizi yuleyule. Toleo la leo lina kurasa 20 au 22. Likiisha shujaa bado anapanda ngazi, lazima kurasa hizo ziwe zimenunua kitu kingine.

Na wakati mwingine zinanunua. Ultimate Spider-Man namba 1 ya Januari 2024, ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto, inafanya kinyume kabisa: Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, mjomba Ben yu hai, na buibui anamng'ata mwishoni. Kwa hesabu ya 1962 hilo ni goigoi. Lakini kila mazungumzo ya nyumbani yanaongeza bei ya kile atakachokihatarisha, kwa hiyo ule mng'ato una uzito. Taratibu si kosa. Kosa ni taratibu isiyobeba kitu.

Toeni mfano wa picha moja inayofanya kazi.

Alama ya popo kwenye kifua cha Absolute Batman, iliyochorwa na Nick Dragotta kwa maandishi ya Scott Snyder. Ni kubwa mno, ya pembe kali, na ukiiona kwenye jalada unadhani ni mbwembwe. Ndani ya toleo la kwanza inang'oka kifuani na kuwa shoka. Huyu Bruce, mtu aliye ndani ya vazi la Batman, hana utajiri, mama yake yu hai, na kazi yake ni uhandisi wa mji. Hawezi kununua vifaa, basi vazi lenyewe limekuwa sanduku la vifaa. Hakuna mtu aliyehitaji kulieleza hilo kwa maneno.

Mnaongelea sana viputo na herufi. Kwani ni muhimu hivyo?

Ndiyo, na hakuna anayemshukuru mwandika herufi. Viputo husomwa kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Anayeongea kwanza akichorwa kulia, mikia ya viputo inapishana na msomaji anasoma jibu kabla ya swali. Hapo aliyekosea ni mwandishi au mchoraji, ila lawama huenda kwa wa herufi.

Kipimo cha zamani cha DC kilikuwa maneno 35 kwa fremu, yaani 210 kwa ukurasa wa fremu 6, na kiputo kimoja kisizidi 25 hivi. Hesabu kwenye toleo ulilonalo. Kiputo cha maneno 60 kinafunika theluthi ya picha, na kwa kawaida ni mwandishi anayefidia kitu alichosahau kukionyesha matoleo mawili nyuma.

Kwa nini hamtoi nyota tano?

Kwa sababu watu husoma nyota wakaacha sentensi.

Jarida moja lina majalada sita. Kuna tofauti ndani?

Hakuna. Hadithi ni ileile. Ukiona 1:25, maana yake duka lililazimika kuagiza nakala 25 za kawaida ili lipewe moja ya jalada hilo, ndiyo sababu bei yake huruka. Kama unasoma, chukua la bei ya chini.

Hadithi kubwa inayopita kwenye majarida mengi: ninunue yote?

Usikubali. Kuna jarida la msingi, na kuna vijitawi, yaani majarida mengine ambamo hadithi hiyo inapita. Soma la msingi peke yake. Kijitawi kichukue tu kama ni jarida ambalo ulikuwa unalisoma hata kabla. Jarida la msingi lisipoeleweka bila vijitawi, basi limeandikwa vibaya, na maoni yako yaseme hivyo bila aibu.

Mashujaa wa Kiafrika mnawapima kwa jicho tofauti?

Kwa jicho lilelile, ila huku tunaona makosa ambayo msomaji wa Chicago hayaoni. T'Challa, yaani Black Panther, aliingia kwenye Fantastic Four namba 52 mwaka 1966. Storm aliingia kwenye Giant-Size X-Men namba 1 mwaka 1975, na mama yake ni Mkenya. Miaka yote hiyo baadaye bado utakutana na toleo ambalo “Afrika” ni nyasi za njano, mti mmoja wa mgunga na kijiji kisicho na jina. Mtwara ina minazi, mikorosho, mikoko na bahari. Mchoraji akichora pwani ya Afrika Mashariki bila hata ngalawa, andika, na taja ukurasa.

Jambo moja huku linaeleweka kirahisi kuliko wanakotoka wahusika hawa: siri ya aliye nyuma ya kinyago. Aliyewahi kuona mapiko ya Wamakonde anajua kwamba anayecheza amefunikwa mwili mzima na kwamba kumtaja jina ni kuvunja kitu. Toleo ambalo shujaa anavua kinyago kila baada ya kurasa mbili ili tuone sura nzuri linapoteza hicho, na tunalikata alama kwa haki.

Kanuni ya kutofichua mwisho ikoje?

Kurasa 5 za kwanza ni halali kwa kila mtu. Zinazofuata zitaje kwa namna, si kwa tukio: “ukurasa wa 14 unavunja ahadi ya toleo la 3” inatosha. Ukurasa wa mwisho asiuguse mtu mpaka Jumatatu. Na usiweke picha yake kwenye status, maana ndiyo njia ya haraka ya kupoteza marafiki Ligula nzima.

Niandike maoni kwa urefu gani, na kwa Kiswahili kipi?

Maneno 250 hadi 400 kwa toleo. Sentensi ya kwanza iseme kama toleo lifuatwe au liachwe. Aya ya pili ibebe ukurasa mmoja ulioutazama kwa karibu. Muhtasari wa hadithi usizidi sentensi tatu. Anayetaka hadithi atasoma komiki. Taja mwandishi, mchoraji, mtia rangi na mwandika herufi, wote wanne, kwa majina yaliyoandikwa ndani ya jarida. Wengi hutaja mwandishi tu, kisha wanasifia rangi kana kwamba zilijipaka.

Majina ya majarida yaache yalivyo. Maneno ya kazi tunayo: toleo, jalada, fremu, kiputo, mkia wa kiputo, mtia wino. Usitafsiri majina ya mashujaa. “Mtu-Popo” huchekesha mara moja tu.

Nina nakala za karatasi. Zinageuka kahawia na kunuka ukungu. Nifanyeje?

Hewa ya chumvi ya pwani huanza na pini. Fungua katikati ya jarida uangalie pini mbili za mgongo: ukiona kivuli cha kahawia kuzizunguka, kutu imeanza na itaingia kwenye karatasi. Usizing'oe kwa kisu. Hamisha nakala hiyo mbali na nyingine, na mahali pakavu.

Komiki ya sasa ina upana wa karibu sm 17 na urefu wa sm 26. Iweke kwenye mfuko wa plastiki wa polipropilini au wa Mylar, na nyuma yake ubao wa karatasi usio na tindikali. Ile mifuko ya faili yenye matobo mara nyingi ni ya PVC. Joto likizidi inanata kwenye wino na kuondoka na rangi. Kadibodi ya boksi la sabuni nayo ina tindikali, ndiyo chanzo cha ule mgongo wa kahawia.

Zisimamishe wima, zisibanane wala zisilegee, kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko. Boksi likae juu ya matofali, sm 15 hivi kutoka sakafuni, mbali na ukuta, kwa ajili ya mchwa na unyevu. Tupia vifuko vya silika, uvibadilishe au uvikaushe vikijaa maji. Miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, fungua boksi kwa nadra. Kusi ikishavuma na hewa kukauka, Juni hadi Septemba, toa kila kitu kivulini, kagua, rudisha. Jua la moja kwa moja linaua ukungu, na linaua wekundu wa jalada pia.

Ndugu ananitumia komiki kwa basi kutoka Dar. Zinafika zimekunjika pembe.

Kwa sababu zimefungwa kwenye bahasha peke yake, na mizigo hulaliana zaidi ya kilomita 500. Mwambie akate vipande viwili vya kadibodi ngumu vya sm 20 kwa 29. Komiki ikae kwenye mfuko wake, iwekwe katikati, na ukingo wa kadibodi uzidi kila upande. Ukingo huo ndio unaopokea kipigo badala ya pembe. Gundi ya karatasi ishike kadibodi kwa kadibodi, isiguse mfuko, maana wakati wa kufungua ndipo majalada mengi huchanika. Nje azungushe nailoni kwa ajili ya mvua. Zisizidi 10 kwa fungu. Na asizikunje kama gazeti hata kama kondakta ameomba. Mkunjo wa mgongo hauondoki.

Mdogo wangu ana miaka 9. Asome yapi?

Tazama alama ya umri kwenye jalada au maelezo ya duka. T ni kwa vijana, T+ ni kwa wakubwa kidogo, na DC Black Label ni ya watu wazima, hata kama Batman wa jaladani anafanana na yule wa katuni ya televisheni. Alama hutolewa na kampuni yenyewe, kwa hiyo pitia wewe kwanza, hasa kurasa za mwisho.

Nikipinga maoni yenu, mtayaweka?

Ndiyo, mradi utaje namba ya toleo, mwaka na ukurasa.